Babu Hataki Kusamehewa

Nyeri,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yanayonitia haya. Miguu yaendeleaje? Uvimbe umepungua? Huku shuleni baridi ni kali, lakini mimi ni mzima.

Juzi Baba alinipigia kwa simu ya matroni. Alisema ataka kukuombea msamaha wa Rais, jina lako lisafike ungali hai, nawe ukamfukuza barazani. Alilia, Babu. Sijapata kumsikia Baba akilia.

Nilikukasirikia. Nikamsimulia Wambui, tunayelala naye vitanda jirani: jinsi sheria ilivyokataza kubeba mnazi, pombe yetu ya kugema, bila kibali, na hotelini Malindi wageni wakinywa bia mchana, jinsi ulivyokamatwa njiani kwenda Sabaki kwa wazazi wa Mama na mnazi wa mahari yake, askari wakaumwaga mchangani, na jinsi Bibi alivyozikwa wewe ukiwa gerezani. Nikamwambia sheria ile sasa imefutwa.

"Sasa mzee asamehewe nini?" akauliza.

"Kubeba mnazi."

"Aliuiba?"

"Wee! Aliugema mwenyewe."

"Si angeenda tu mikono mitupu?"

"Kwetu? Thubutu! Angerudishwa mlangoni na mwanawe asingepata mke."

"Basi hapo kosa liko wapi?"

Ndipo yakanirudia maneno uliyomwambia Baba, aliyonikariria kwa uchungu: "Nikisamehewa, basi nilikosa. Na kama nilikosa, mkeo umemwoa kwa kosa." Nilijifunika blanketi nikalia, maana mimi nimezaliwa katika ndoa hiyo.

Lakini Babu, Baba hana nia mbaya. Anaogopa utazikwa watu wakikuita mfungwa. Mwalimu wetu wa historia anasema huenda ikawezekana kuomba hukumu yenyewe ifutwe, ingawa ni kazi ndefu. Mruhusu Baba arudi barazani, umweleze kama ulivyonielezea mimi mambo mengi, polepole.

Nisalimie Mama, na Shangazi Dama anayekukanda miguu. Kaburi la Bibi ulipalilie kwa niaba yangu, au umtume mtu kama huwezi kuinama.

Nyumbani kwetu aliyekosa ndiye anayeshika njia kwenda kwa aliyemkosea. Basi nijibu upesi, Babu: siku wakija wao wa serikali, wakaketi barazani pako na kukiri kwamba walikudhulumu, je, utawasamehe?

Mjukuu wako akupendaye,
Kadzo