Mikorosho Mitatu ya Mama Mkwe

Marahaba, Somoe wangu. Hapa Mnyambe tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini kubisha hajaacha. Anayeniandikia ni Mama Zuhura, jirani.

Unasema waliokupa fedha za utafiti wanatumaini mafunzo yao yanawainua wafanyabiashara wadogo, nawe umekuta hayajamwinua mtu. Unaniuliza: uandike hivyo, mwakani wakunyime?

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa mikorosho mitatu niijaribu kwa akili yangu. Nikaipogolea wakati imeanza kuchanua, ujuaji tu. Haikuzaa. Kwa aibu nikachukua korosho za mama yangu, nikampelekea mkwe kikapu kimejaa, kana kwamba ni za miti ile. Akanisifu mtaa mzima.

Msimu uliofuata nikamkuta ameshika panga, anataka kupogolea shamba zima kama nilivyofanya mimi. Nikamshika mkono, nikasema yote.

"Mpumbavu wee! Miti ile nilikupa nijue, sikukupa nile."

Akanuna siku mbili. Ya tatu akanionyesha mikorosho mingine mitatu.

Andika ulichokikuta, mama. Hao wako sijui kama wana moyo wa mkwe wangu. Wakikufukuza, njoo nyumbani ule. Mimi nipo.

Bibi yako