Kisu Nilichokuja Nacho Nshamba

Tata,

Juzi nimemwambia Mama. Umebaki wewe, baba yangu, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa wa kwanza.

Kwenye kituo chetu cha utafiti Ijuganyondo ulifika mara moja tu. Ulisimama nje ya chumba cha vioo, ukachungulia migomba midogo iliyopangwa kwenye ndoo chini ya taa, ukaniuliza kama migomba ile inaijua mvua. Nilicheka. Nikakueleza kwamba mle ndani joto tunalipanga sisi, unyevu tunaupanga sisi, hata mchana tunauwasha na kuuzima, ili tukiitia mnyauko tujue kinachoiua ni mnyauko wenyewe, si jua wala ukame. Ukaniuliza, "Mnaitia ugonjwa kwa makusudi?" Nikakujibu kwamba ndivyo tunavyoujua.

Sikukueleza masharti ya kutoka. Ukitoka chumba kile unavua koti, unavua buti, unanawa, na kisu ulichokatia kinalowekwa kwenye dawa na kubaki mlangoni. Hakuna kinachovuka. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni masharti hayo.

Jumapili moja nilipokuja nyumbani Nshamba, uliniambia, "Advera, nikwanyulie majani pale nyuma ya jiko, mgongo wangu leo hautaki kuinama." Nikatoa kisu kwenye mkoba. Nilikwanyua shina la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye shina la nne nikaona utepe mwekundu kwenye mpini. Kilikuwa kisu cha chumba cha vioo. Hata sasa sijui kiliingiaje kwenye mkoba wangu, wala kama kilikuwa kimepitia kwenye dawa.

Nikakifuta kwa nyasi, Tata. Nikakirudisha kwenye mkoba na kuja kukaa nawe barazani. Uliniuliza mbona nimemaliza mapema, nikasema nimechoka.

Ningekwambia siku ile, tungeyang'oa mashina manne, tukayafukia, basi. Niliogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa zaidi uso wako, wewe uliyekuwa ukiwaambia watu wa Nshamba yote kwamba binti yako anatafuta dawa ya migomba.

Wiki kadhaa baadaye Mama alinipigia kwamba majani nyuma ya jiko yanalegea na kuwa ya njano. Nikamuuliza mashina mangapi. "Manne," akasema. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kituo, nikakaa chini.

Mengine unayajua. Ugonjwa ulikula kibanja chote, shamba letu lote la migomba, ukavuka emilamula, ile miti ya mpakani, ukaingia kwa jirani yetu Ta Kamugisha. Na wewe ukasema ni yeye aliyeuleta, kwa sababu wiki ileile niliyokuja alikuja na panga lake kukusaidia kukata ndizi za pombe ya rubisi. Rafiki yako tangu ujana. Ulimtamkia nje ya kanisa, watu wakisikia: "Panga lako limeniua." Nilikuwa nyuma yako. Aliniangalia mimi, si wewe, kama mtu anayengoja msomi aseme jambo. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha presha, kisha hospitali ya Bukoba. Siku ya mwisho nilikuja nimeazimia. Nilivuta kiti, nikashika mkono wako. Ukafungua macho ukasema, "Kamugisha asinizike." Nikasema, "Sawa, Tata." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, na yana uongo ndani yake.

Tulikuzika mahali peupe. Mhaya kuzikwa kibanjani pasipo kivuli cha mgomba hata mmoja, sikuwahi kuona. Ta Kamugisha alisimama upande wake wa emilamula, kofia mkononi, mpaka udongo wa mwisho. Hakuvuka.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kunijia kazini. Wenzangu walikuwa wamechukua udongo wa vibanja vilivyougua, wakautia kwenye ndoo chumbani ili tuone vijidudu vinakaa ardhini muda gani pasipo mgomba. Kila ndoo ina namba, haina jina. Lakini udongo wetu niliujua siku ya kwanza, kwa harufu. Kila asubuhi nikaumwagilia. Feni za chumba kile zina mlio mmoja usiobadilika, na ndani ya mlio huo nilikisikia kikohozi chako, kile kifupi cha kusafisha koo kabla ya kumwita mtu. Niligeuka mara ngapi. Mlango umefungwa, mchana wa taa umetulia, hakuna kinachotikisika.

Kila mwezi tulipanda mche mzima kwenye kila ndoo, kuupima udongo. Katika ndoo yetu mche wa kwanza ulikufa. Niliukata shina, usaha wa njano ukatoka, nikasimama nimeushika mpaka mwenzangu aliponigusa bega. Wa pili ukafa. Wa tatu nilishindwa kuupanda. Nikaenda kwa Dokta Mwesiga, mkuu wetu wa maabara, nikamweleza kila kitu, kisu, utepe, shina la nne.

Alinisikiliza kwa upole ulioniumiza. Alisema vijidudu vya mnyauko wa mkoa huu vinafanana mno, maabara yetu haiwezi kutofautisha vya chumbani na vya Nshamba. Alisema nyuki wanaubeba, mbuzi wanaubeba, na vijiji vya jirani vilikuwa tayari vinaugua. "Huwezi kujua, Advera." Akaniondoa chumba kile, akanipeleka kitalu cha miche. Nilitaka sana kulishika neno lake. Lakini yeye hakuyaona yale mashina manne.

Nikaenda kwa Ta Kamugisha. Alikuwa anamenya mihogo na mkewe, maana ndizi hawana. Nikapiga magoti na kumwambia. Aliendelea kumenya mpaka mhogo ukaisha. Kisha akasema, "Baba yako amekufa akinichukia." Nikasema ndiyo. "Na wewe ulikuwepo nje ya kanisa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nenda nyumbani. Na usinisemee kwa watu. Mwambie mama yako, ndiye anayenipita bila salamu."

Ilinichukua muda mrefu kutii. Juzi nikatii. Mama alikuwa anaanika kahawa. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Ulimwacha mume wangu aondoke na hasira isiyo yake?" Akaingia ndani, akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha wageni, akajifunga kitenge vizuri, akavuka emilamula kwa miguu yake. Nilibaki uani. Nilimwona Ta Kamugisha akisimama kumpokea, akachukua punje moja, akaitia mdomoni. Walikaa mpaka jua likashuka. Aliporudi, Mama hakunisemesha, na mpaka naandika hajanisemesha. Lakini jana asubuhi Ta Kamugisha alikuja peke yake akasimama kaburini kwako, kofia mkononi. Sikusogea karibu. Sijui alikwambia nini.

Hatimaye mche mmoja katika udongo wetu umeishi, Tata. Na uliofuata pia. Wenzangu wanasema kibanja kinaweza kupandwa. Miche ninayo, safi, nimeilea mwenyewe. Nitapanda kwanza kwa Ta Kamugisha, kama atanikubalia, ndipo nipande kwetu. Na nje ya kanisa, palepale, nitasema kwa mdomo wangu kisu kilikuwa cha nani. Wakinicheka wanicheke. Wakinifukuza kazi nitalima.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana wewe huna namna ya kukataa. Natamani tu ile hasira uiache. Haikuwa ya Kamugisha. Ilikuwa yangu, ukambebea mtu mwingine mpaka kaburini, nami nikakutazama ukiibeba.

Pumzika, Tata. Jumapili nitakuja kaburini kukwambia haya yote kwa Kihaya, kwa sauti, Mama akiwepo.

Binti yako,
Advera