Kwa Mtani Wangu, Mwenye Ndala Nyeupe za Hotelini

Mtani wangu Mzaramo, wewe uliyelala kwenye udongo wa Tabora badala ya mchanga wa kwenu pwani,

Anayekuandikia ni mimi, mtu ambaye treni ya Kigoma haithubutu kupiga honi hapa Tabora kabla sijamaliza chai yangu. Si wewe mwenyewe ulikuwa unasema? Ulisema kwa kunicheka, najua, lakini ulisema. Wauza asali wote, kuanzia Ulyankulu mpaka Nzega, hawapangi bei bila kuuliza kwanza mimi nimeamkaje. Shule niliiacha darasa la tano, lakini la tano la enzi zile, waulize, lilikuwa chuo kikuu kasoro majoho.

Basi mtu wa namna hiyo, mtani, siku hizi naogopa ndala.

Ndala zako. Zile nyeupe, laini kama mkate, zenye jina la hoteli kwa uzi wa dhahabu, ulizotoka nazo Dar es Salaam ukazivaa humu mtaani kwetu Ng'ambo mpaka zikashika rangi ya vumbi letu. Mkeo alinikabidhi siku uliyozikwa. Nimeziweka chini ya kitanda. Nikiamka nazikuta mlangoni, zimeelekea njia ya stesheni. Mama Kulwa, mke wangu, anasema nazisogeza mwenyewe nikitafuta viatu. Nazisogeza vipi, wakati mguu wangu hauingii mle? Wewe ulikuwa na miguu ya kuku.

Juzi nilikwenda Kwihara kufuata asali. Wakati wa kurudi nikapita ile njia ya zamani, ya misafara ya babu zangu, jua la saa nane linachoma mpaka ndege wamenyamaza. Nyuma yangu nikasikia: pwata, pwata, pwata. Mwendo wako kabisa, ule wa kuburuta mguu wa kushoto. Nikageuka. Njia tupu, hata vumbi halijatimka. Nikasema kwa sauti, "Mtani, acha mzaha." Halafu, haki ya Mungu, nikasikia ting! Kengele ya lifti. Kwihara, mtani! Mahali ambapo ghorofa pekee ni kichuguu. Ndoo ya asali ikaniponyoka. Mimi Mnyamwezi nikaangusha mzigo barabarani, nyuki wakaja kunifanyia sherehe.

Najua unachokitaka. Ngoja nianze mbali, maana barua hii naiacha wazi, na wengine wataisoma bila kutujua.

Utani wetu hatukuuanzisha sisi. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, babu zako wakawapokea kwa maji ya kunywa na matusi, na matusi hayo ndiyo tumerithi. Wewe ulikuja Tabora kutengeneza reli, ukaoa hapa, ukazeekea hapa, na tangu siku ya kwanza ukaniita mpagazi wako. Mimi nikakuita mcheza ngoma asiye na shamba. Tukapendana hivyo.

Ulipostaafu, binti yako Mwanahamisi akasema lazima upumzike kama watu wakubwa wanavyopumzika. Siku mbili, Dar es Salaam, hoteli ya kifahari, kula na kulala.

"Siendi bila mpagazi wangu," ukamwambia.

"Baba, kule wapo wa kubeba mizigo."

"Watanibebea, sawa. Nani atanitukana?"

Tukapanda ndege. Safari iliyowatoa babu zangu ngozi za miguu, mimi niliimaliza nikiwa na glasi ya juisi mkononi. Rubani alitoka akaniomba ushauri kuhusu mawingu. Wewe ulisema alikuwa anakwenda msalani. Haya.

Unakumbuka ile sakafu ya mapokezi? Inang'aa mpaka nikajiona ndani yake, nikajisalimia. Akaja kijana mwenye kofia, akashika begi lako. Nikamwambia, "Achia hapo! Wewe ni nani uje kumbebea Mzaramo mbele ya Mnyamwezi?" Nikalitwika kichwani. Na wewe, badala ya kunionea haya, ukashika fimbo, ukatangulia mbele kama mwenye msafara, unapaza sauti: "Pisheni! Pisheni! Mali yangu inafika kutoka Unyanyembe!" Wazungu wakatoa simu wakatupiga picha. Mwanahamisi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

Akatangulia juu na lifti ya kwanza, maana mimi na mzigo wangu kichwani tulihitaji lifti nzima. Sisi tukaingia ya pili. Milango ilipofunguka kule juu alitukuta tumeshikana mikono, begi liko chini. Kabla hajauliza, ukasema, "Mwanangu, nimeogopa. Bila mpagazi wangu ningezimia." Tabora nzima inaijua hadithi hii, kwa sababu nimeisimulia Tabora nzima. Kila nikiisimulia inanenepa. Mara ulitetemeka, mara ulilia, mara ulimwita mama yako. Na wewe ulikuwepo kwenye benchi, unatafuna karafuu zako, unatikisa kichwa tu: "Kweli kabisa. Alinibeba huyu."

Jioni yake walituketisha mezani na vitambaa vilivyokunjwa kama ua. Ikaletwa sahani kubwa kama ungo, katikati kuna kipande cha samaki kama kidole gumba, na mchuzi umechorwachorwa pembeni. Ukamtazama mhudumu kwa adabu zote.

"Kijana, hiki ndicho chakula au picha yake?"

"Ndicho chenyewe, mzee."

"Basi sisi tunakula kwa macho. Mpagazi, umeshiba?"

"Nimevimbiwa, bosi wangu."

Kijana akacheka mpaka akaweka trei chini. Akarudi na ugali, wa kuumbwa kwa kikombe, na jani juu. Ukalitoa lile jani, ukanichomekea sikioni.

Asubuhi nikatoa chupa yangu ya asali ya miombo, sikutaka ile yao ya vipakiti. Mpishi mkuu alitoka jikoni, akaonja, akatokwa na machozi. Wewe ulisisitiza alikuwa na mafua. Lakini uliilamba kijiko kwa kijiko, miguu umeiingiza kwenye ndala nyeupe, unachungulia mji kupitia kioo kirefu. Kwa mara ya kwanza nikakuona umechoka. Ukasema bila kunitazama:

"Mtani, siku yangu ikifika, kazi yako unaijua."

"Naijua. Nitavaa hizo ndala nitembee kama bata, kama wewe."

"Na useme kweli. Ukinisemea uongo msibani nitakurudia, nakuapia."

Nikakwambia utakufa baada yangu, wachafu huwa wanachelewa. Ukacheka. Mle ukumbini mlikuwa na baridi ya mashine, nikafikiri ndiyo iliyonisisimua mwili.

Ukatangulia. Hukuugua hata wiki. Mkeo akaniita kando kwenye maturubai, akanipa ndala, akasema, "Shemeji, mtoe mwenzako." Ndiyo kazi ya mtani: kuiga mwendo wa marehemu, kumsema hadharani, kuwachekesha waliofiwa mpaka waweze kumeza chakula, na yeye aondoke akiwa mwepesi. Nikazivaa nusu, kisigino kikiwa nje. Nikafika mbele ya mikeka. Watu wakanitazama, Mwanahamisi akanitazama. Nikafungua mdomo, huu unaoujua wewe, usiowahi kukosa neno. Ikatoka sauti ya mbuzi. Nikalia mpaka wakanitoa nje wakanimwagia maji kichwani. Wanaume wa Tabora waliniona.

Usiku ule ule ndala zikaanza kutembea.

Nikajiambia, nitasahihisha kwenye arobaini. Na nilifanya, mtani, ulikuwepo? Nilivaa koti lako, nikaburuta mguu wa kushoto, nikamkemea mkeo kwa chumvi ya mchuzi kwa sauti yako mpaka akanirushia mwiko. Nikaelezea sahani ya samaki. Nikafika kwenye lifti: jinsi ulivyofumba macho, jinsi ulivyoning'ang'ania, jinsi ulivyomwita mama. Wakacheka, wengine wakalala chini. Mwanahamisi alicheka machozi yanamtiririka, akasema, "Masikini baba yangu, kumbe alikuwa mwoga hivyo!" Neno hilo likanichoma, lakini nikaongeza kichekesho cha pili, wakacheka zaidi.

Nikarudi nyumbani najua nimekutoa. Nikavua koti. Pwata, pwata, barazani. Harufu ya karafuu mpaka sebuleni.

Mama Kulwa, ambaye haamini mizimu ila anaamini ananijua, akaweka chini kisu cha mboga akaniuliza, "Ulisema kweli kule?"

"Nilisema."

"Yote?"

Nikamwambia aendelee na mboga zake.

Sasa hivi nakuandikia, ndala zako ziko hapa pembeni ya kiti. Nimezifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Uzi wa dhahabu umebaki kidogo kwenye ile ya kulia. Benchi letu liko kule kule, naketi upande wangu, upande wako hakuna anayethubutu kukaa, hata mbwa. Nikisema jambo kubwa kuhusu mimi mwenyewe, nanyamaza kidogo kungoja uniumbue. Huniumbui. Uongo wangu siku hizi hauna chumvi, mtani, kwa sababu hakuna anayeukataa. Wakati mwingine nazisikia hatua zako na badala ya kuogopa nafurahi, halafu nakumbuka kwamba ukitembea maana yake hujapumzika, na anayekuzuia ni mimi.

Basi nenda. Nenda polepole kwa njia ya babu zangu, mpaka kwenu pwani ukitaka, na hizi ndala nitazipeleka kwa Mwanahamisi pamoja na barua hii aisome kwanza yeye, kisha aisome atakaye. Ukifika huko na kukiwa na ghorofa, nichagulie chumba cha chini.

Kwa sababu, mtani, aliyeogopa lifti ni mimi. Ile sakafu iliponyanyuka nilidondosha begi lako, nikafumba macho, nikaushika mkono wako kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye mvi, nikamwita mama yangu. Ukaniambia, "Tulia, mpagazi. Leo mzigo ni wewe." Kisha mlango ukafunguka.

Mtani wako,
mzigo wako wa siku ile.