Saa Moja kwa Siku

Jumatano, Kitengela

...lakini ni saa moja tu kwa siku, wiki mbili nzima, eti watoto wazoee shule polepole na mzazi akikaa karibu. Mama mmoja akamwambia mwalimu, "Madam, nikizoea polepole hivi nitafutwa kazi." Hata likizo yangu inaisha Ijumaa.

Naserian ni binti ya mume wangu, na nimekuwa mama yake miezi miwili tu. Niliogopa atanikana mbele ya watu. Leo mwalimu alimwuliza mimi ni nani.

"Ni mama. Na asiende mbali."

Mume wangu Lemayian amebadilisha zamu kazini ili akae naye wiki ijayo. Mwanaume huyu nilimpata wapi? Kabla mwezi uishe tutaenda Kajiado, nyanyake Naserian amsikie mwenyewe akiniita mama.