Cherehani Niliyomnyima Mama Shija

Nyarugusu, Jumamosi, 1954

Mara nne leo nimeshindwa kupitisha uzi kwenye sindano, tena mbele ya mteja, mchimba dhahabu aliyeleta kaki ya kaptura mbili. Aliniangalia, akakikunja kitambaa chake. "Basi mzee, nitapita siku nyingine." Hatapita.

Macho yangu yamekwisha, na fundi mwingine hapa barazani sina.

Ningekuwa naye. Tulipohamia hapa kutoka Shinyanga, mke wangu aliniomba, "Baba Shija, nifundishe na mimi nishone." Nikamjibu kwamba cherehani ni kazi ya wanaume. Uongo mtupu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, nikaogopa wateja watamtaka yeye. Ningeweza kumrudia yule kijana niliyekuwa, ningemwambia: ufundi ukiuficha, utazeeka nao peke yako.

Jioni nimemvutia kiti. "Mama Shija, kaa hapa nikuonyeshe."

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Amenifungulia viganja vyake, vimekakamaa kwa jembe la pamba.

"Vidole vilikusubiri sana, Baba Shija. Sasa vimekauka, na macho yangu nayo ni kama yako."

Kisha akaenda kusonga ugali. Mimi nikabaki nimeshika kile kiti.