Uso Wangu Ukutani kwa Mama

Jumamosi, Buhembe. Mvua tangu alfajiri, nami nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Juma hili nimefundisha Roma. Kitabu ni kile cha zamani walichotuachia masista, chenye picha za sarafu. Kwenye moja yupo mke wa kaisari, nywele zimesukwa vizuri, na nyuma yake neno la Kilatini lenye maana ya mapatano. Watu wa mbali waliishika ile sarafu wakaamini ikulu kuna amani. Baadaye mumewe alimfukuza, kisha akauawa. Wasichana wangu walicheka. Nami nilicheka, mjinga mimi.

Maana hata mimi nilipigwa picha. Likizo iliyopita nilipitia kijiji cha ujamaa kule Muleba, kwenye rweya, nyasi tupu. Mpigapicha wa wilaya akaniona nina gauni safi, akanipa jembe la mtu. "Tabasamu, ndugu mwalimu." Nikatabasamu. Sikulima hata tuta moja. Nilitaka tu aniache niende zangu.

Leo baba mdogo amekuja kutoka nyumbani, amelowa chapachapa. Kahawa ya kutafuna niliyompa hata hajaitia mdomoni, akaniuliza nahamia lini.

Nihamie wapi?

Kumbe picha yangu imebandikwa ofisi ya kijiji, chini wameandika: Mwalimu amehamia, wewe je? Mama hajui kusoma, wakamsomea. Mwaka mzima alikataa kuacha kibanja, shamba letu la migomba lenye kaburi la baba. Siku hiyo akasema, "Kama mwanangu yupo, nami naenda."

Amehamia kule rweya. Analala kwenye kibanda cha nyasi. Nakala ya picha ile ameiomba, ameitundika juu ya kitanda, karibu na Bikira Maria.

Nina hasira, ila nimkasirikie nani? Jembe nililishika mwenyewe.

Kesho baada ya misa napanda basi nikamwambie mama ukweli. Nimetunga maneno tangu mchana, yote mabovu. Na baba mdogo, yuko mlangoni anaaga, ndipo akakumbuka jambo jingine: mama amekwisha kuniombea kiwanja jirani na chake. Amepanda migomba mitatu, machipukizi aliyoyang'oa kando ya kaburi la baba.

Anaipalilia kila asubuhi. Anasema nisije nikafika nikakuta uwanja mtupu.