Upepo wa Juu na Mpunga Wangu

Jumatatu, 7 Aprili
Nafukuza ndege tangu alfajiri. Mpunga umeanza kuinama. Bonde zima hili la Ruvuma hakuna shamba kama langu, na majirani wanajua. Redio imesema kimbunga kiko baharini, kinakua. Mtendaji kapita na kipaza sauti: kateni mnachoweza, pandeni shuleni kilimani. Nikate mbichi? Zimebaki wiki mbili. Sikati.

Jumanne, 8 Aprili
Nimelala chali, jicho kwenye ncha ya mnazi. Mawingu ya chini yanatoka baharini. Ya juu kabisa, yale kama manyoya, yanakwenda baharini. Basi. Upepo wa juu ukivutana na wa chini, dhoruba inakatwa kichwa. Ukienda njia moja wote, dhoruba inasimama wima, inanenepa. Hili nimeligundua mwenyewe, kabla sijaoa. Jirani yangu Chande kacheka. "Mzee, hayo mawingu yako yameajiriwa na serikali?" Yeye kakata lote. Mwoga.

Jumatano, 9 Aprili
Kijana wa hali ya hewa kaja na mtendaji. Nikamfundisha. Akasema, "Babu, umesema kweli. Ila upepo huo wa juu ni mto mkubwa, unazunguka dunia. Kesho unaweza kugeuka." Mimi nilisikia lile neno "kweli" tu.

Alhamisi, 10 Aprili
Umegeuka. Juu na chini njia moja. Nimetazama mara tatu. Naogopa. Simwambii mtu. Mke wangu Somoe kaomba mundu, nimemnyima. Maji yakija hatuli mpaka mwakani. Najua. Lakini nikikata leo, Chande atanicheka mpaka kaburini. Sikati.

Ijumaa, 11 Aprili
Upepo mkali. Somoe kapanda shuleni na wajukuu. Mimi nimebaki juu ya dungu langu la kulindia ndege. Nimekiambia kimbunga kije. Mchana wingu likapasuka, nikayaona manyoya yanakwenda baharini tena. Nikapiga vigelegele kama mwanamke. Jioni redio: kimevunjikia baharini. Mimi nilisema!

Jumamosi, 12 Aprili
Manyunyu tu. Mpunga umesimama. Nimezunguka shamba nijisifu. Kule nyuma, kwenye mfereji, robo ya shamba imekatwa. Kumbe ni Somoe, Alhamisi, kwa kisu cha jikoni. Nikafoka.
"Baba Hamisi, mawingu siyajui. Mikono yako naijua. Ilikuwa inatetemeka."

Mpunga ule mbichi kaukaanga, kautwanga, ukawa pepeta. Kanipa bakuli. Nimekula. La pili nimeomba mwenyewe.